Wakurdi Wanakula Nini?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nilikuwa katika giza hilo hadi likizo ya Desemba iliyopita, nilipoulizwa swali moja na babu yangu nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Babu aliuza magazeti jijini Nairobi miaka ya tisini, kwenye kona moja karibu na steji ya matatu. Jioni hiyo tulikuwa tunakunywa chai, redio ikataja Wakurdi, naye akacheka peke yake. "Hao watu waliwahi kunipa pesa," akasema. Nikamuuliza vipi. Akanieleza kwamba wiki moja ya Februari 1999, magazeti yake yalikuwa yakimalizika kabla ya saa tatu asubuhi. Habari ilikuwa moja tu: Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha PKK kilichokuwa kikipigana na serikali ya Uturuki tangu 1984, alikuwa amejificha papa hapa Nairobi, katika makazi ya balozi wa Ugiriki. Tarehe 15 Februari akanaswa njiani kuelekea uwanja wa ndege, akapelekwa Uturuki. Watu walinunua gazeti, wakalisoma wakiwa wamesimama, wakabishana, wakaenda zao.

"Lakini mjukuu wangu," Babu akaendelea, "niliuza habari hiyo wiki nzima na mpaka leo sijui hao Wakurdi ni watu wa namna gani. Wewe unayesoma sekondari, hebu niambie. Wanakula nini?"

Nikajikohoza kama msomi. "Babu, hao ni watu wasio na nchi."

"Sikukuuliza hawana nini. Nimekuuliza wanakula nini."

Jamani! Nilinyamaza kama maji ya mtungi. Na tangu siku hiyo nimekuwa na maoni haya ambayo naomba kuwatolea katika jarida letu: tunawadhulumu watu tunapowajua kwa vita vyao pekee. Mtu hapigani vita siku zote. Siku nyingi anakanda unga, anatafuta karo, anambembeleza mtoto alale. Na ukiyachunguza hayo madogo ndipo utakapoelewa yale makubwa yaliandikwa gazetini kwa nini.

Niliporudi shuleni nilifukua maktaba na kumsumbua mwalimu wetu wa Historia hadi akanikimbia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Wakurdi ni wengi kuliko nilivyodhani. Wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 30 na milioni 40, na wengi wao wanaishi katika nchi nne zinazopakana: Uturuki, Irani, Iraki na Syria. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwaachia mlango wazi wa kupata nchi yao. Miaka mitatu baadaye Mkataba wa Lausanne ukaufunga mlango huo bila hata kuwataja. Mipaka ikapita katikati ya malisho na katikati ya koo, shangazi akawa raia wa huku na mpwa wake wa kule. Sisi wa Afrika hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Waulizeni Wamaasai.

Sasa nimjibu Babu. Wakurdi wanakula mkate. Vijijini akina mama huwasha moto ndani ya tanuri ya udongo, wakaubandika unga uliokandwa kwenye ukuta wake wa ndani, na baada ya muda mfupi wanabandua mkate mwembamba mpana unaonukia. Tanuri hiyo wao huiita "tenûr". Umesikia hilo neno? Ni ndugu wa tanuri yetu! Mkate huo huliwa kwa jibini, kwa mboga, au kwa maziwa yaliyoganda. Maziwa hayo wakiyaongeza maji na chumvi wanapata kinywaji kiitwacho "dew", kinachonikumbusha maziwa lala ya kwetu. Siku ya wageni hupikwa majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali na nyama. Ni kazi ya kukaa mkeka mmoja, mama, mashangazi na mabinti, vidole vikifunga na midomo ikisengenya.

Na chai! Chai wanaiita "çay", yaani tunavyotamka sisi. Huinywa ya rangi, katika vigilasi vidogo, asubuhi, mchana na jioni. Huko Irani na sehemu nyingine za Uturuki wapo wasiokoroga sukari: mtu hubana kipande cha sukari mdomoni kisha akaipitisha chai juu yake. Mgeni haulizwi kama anakunywa chai. Anawekewa tu. Nilipogundua pia kwamba wao husema "sabûn" kwa sabuni, "dinya" kwa dunia na "kitêb" kwa kitabu, nilihisi kana kwamba nimekutana na jamaa wa mbali kwenye harusi. Maneno haya yamesafiri pande zote mbili kwa sababu ya Uarabuni na Uajemi, na hakuna askari wa mpakani aliyeyaomba pasipoti.

Lakini ewe msomaji, swali la mkate haliishii mezani. Mkate unaletwa na nani? Katika milima iliyo kati ya Irani na Iraki kuna wanaume waitwao "kolbar", yaani wabebaji wa mgongoni. Kwa kuwa kazi ni haba huko kwao, wanajifunga mizigo mikubwa, chai, nguo, sigara, matairi, hata televisheni, wakavuka mpaka kwa miguu usiku kupitia theluji. Wengine ni vijana wa rika letu, na wengine ni watu waliosoma wakakosa ajira. Kuna wanaoteleza wakatumbukia gengeni, kuna wanaoganda kwa baridi, na kuna wanaopigwa risasi na walinzi wa mpaka. Mtu anakufa kwa ajili ya runinga ya mtu mwingine. Hiyo ni habari ya siasa au ya jikoni? Mimi nasema ni ya jikoni.

Huko Uturuki nako, kila Agosti familia nyingi za Kikurdi kutoka kusini mashariki hupakia magodoro na sufuria, zikasafiri hadi pwani ya Bahari Nyeusi kuchuma njugu za hezeli, zile zinazotiwa kwenye chokoleti. Wanalala katika mahema. Watoto huchuma pamoja na wazazi wao, na baadhi yao hurudi darasani shule zikiwa zimefunguliwa kitambo. Uturuki huzalisha sehemu kubwa kabisa ya njugu hizo duniani. Basi siku ya wageni ukiletewa chokoleti ya namna hiyo, kumbuka huenda iliwahi kupita katika kiganja cha mtoto wa Kidato cha Kwanza.

Msije mkadhani kwamba maisha yao ni machozi matupu. La hasha! Tarehe 21 Machi kila mwaka ni Newroz, mwaka mpya wao, siku ambayo majira ya kuchipua huanza. Huwasha mioto vilimani, vijana wakairuka. Wazee husimulia habari za Kawa, mhunzi aliyemwangusha mfalme dhalimu mwenye nyoka mabegani, kisha akawasha moto mlimani kuwajulisha watu kwamba wamekuwa huru. Akina mama huvaa nguo za rangi kali zinazometameta, na watu hucheza "govend": mstari mrefu wa wanaume na wanawake waliofungamana vidole, bega kwa bega, kiongozi akipunga kitambaa mbele. Hakuna anayecheza peke yake. Ukichoka, mstari unakubeba.

Ndiyo maana tarehe nyingine inaniuma zaidi. Siku tano kabla ya Newroz, tarehe 16 Machi 1988, ndege za serikali ya Saddam Hussein zilidondosha gesi ya sumu juu ya mji wa Halabja, nchini Iraki. Watu wapatao 5,000 walikufa, wengi wakiwa raia wa kawaida: mama mlangoni, mtoto mkononi. Walionusurika husimulia kwamba kulikuwa na harufu kama ya matufaha. Hebu fikiria tunda la watoto likigeuka kuwa dalili ya mauti! Miaka mitatu baadaye, mwaka 1991, zaidi ya watu milioni moja walilikimbia jeshi hilohilo hadi milimani, wakiwa na walichokamata mkononi, baridi ikiwamaliza wachanga na wazee. Wakurdi wana methali isemayo kwamba hawana rafiki ila milima. Wengine huichukua kama methali ya mashujaa. Mimi nikiisikia naona mama aliyebeba mtoto na blanketi moja.

Sasa nifike kwenye kiini cha maoni yangu, nacho ni lugha. Msishangae. Sisi ni Chama cha Kiswahili, hatukosi kuifikia lugha hata tukianzia jikoni.

Nchini Uturuki, kwa miongo mingi, Kikurdi kilichukuliwa kuwa hatari kwa umoja wa taifa. Sheria ya 1983 ilipiga marufuku kuchapisha na kutangaza kwa Kikurdi, na haikufutwa hadi 1991. Mwaka huohuo wa 1991 mbunge Leyla Zana alipokula kiapo bungeni akaongeza sentensi moja ya Kikurdi, ukumbi ulichafuka kwa kelele. Mwaka 1994 alifungwa gerezani kwa makosa ya kisiasa, akatoka 2004. Lakini bunge ni mbali. Tazama nyumbani. Herufi Q, W na X hutumika katika Kikurdi, ila hazimo katika alfabeti ya Kituruki iliyowekwa kisheria 1928. Kwa hiyo mzazi aliyetaka kumwita mwanawe Welat, yaani nchi ya asili, au Xezal, yaani paa, alifika kwa msajili akaambiwa jina hilo haliandikiki. Hata Newroz yenyewe ililetea watu mashtaka kwa sababu ya ile W. Si utani! Adhabu ya kutumia herufi hizo iliondolewa 2014 tu.

Matokeo yake ni nini? Mtoto akawa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la karatasi. Na si Uturuki pekee. Yule msichana aliyekufa mikononi mwa dola nchini Irani Septemba 2022, ambaye kifo chake kiliwatoa watu barabarani, dunia ilimjua kama Mahsa Amini. Kwao Saqqez, mama yake alimwita Jina, jina la Kikurdi lenye maana ya uhai. Kaulimbiu iliyosikika kwenye maandamano hayo, "Jin, Jiyan, Azadî", yaani Mwanamke, Uhai, Uhuru, ilitoka kwa Wakurdi vilevile. Fauka ya hayo, nchini Syria sensa moja ya 1962 katika mkoa wa Hasakah iliwanyang'anya uraia Wakurdi wapatao 120,000 kwa siku moja. Walilala raia, wakaamka wageni katika nyumba walizozaliwa. Watoto wao wakarithi ugeni huo, na sehemu kubwa yao hawakuruhusiwa kuomba uraia hadi 2011.

Mtoto wa Kikurdi wa Uturuki alipoingia darasa la kwanza akijua lugha ya mama yake tu, alimkuta mwalimu asiyejua hata neno moja la lugha hiyo. Kisha asubuhi, hadi mwaka 2013, alisimama mstarini na wenzake kula kiapo kwa sauti kwamba yeye ni Mturuki. Anaapa kwa lugha asiyoielewa kwamba yeye ni mtu asiye yeye. Jioni akirudi nyumbani, mama anamuuliza, "Leo mmejifunza nini?" Atamjibu kwa lugha gani?

Hata hivyo lugha haikufa, na walioiokoa si wenye bunduki. Ni watu wa kawaida. Kuna waimbaji waitwao "dengbêj" ambao hukaa wakaimba hadithi ndefu za mapenzi na za vita bila ala yoyote, wakihifadhi kichwani maktaba nzima. Kuanzia 1955 redio ya Yerevan, huko Armenia, ilikuwa ikitangaza kwa Kikurdi, na wanakijiji upande wa pili wa mpaka walijikusanya chumbani, wakapunguza sauti, wakamweka mtoto mlangoni achunguze kama askari anakuja. Wengine waliitambua sauti ya dengbêj wao redioni wakalia. Leo mambo yamebadilika kiasi. Huko Kurdistani ya Iraki watoto husoma shuleni kwa Kikurdi, na katiba ya 2005 inakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Uturuki nayo ilifungua televisheni ya Kikurdi 2009, na tangu 2012 mwanafunzi anaweza kukichagua kama somo la ziada, ingawa katiba yao ingali inakataza lugha isiyo Kituruki kufundishwa shuleni kama lugha ya mama. Na Mei 2025 chama kilekile cha PKK kilitangaza kujivunja baada ya vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kupita 40,000.

Kuna mwenzangu chamani, mtu wa hoja kali, aliyesoma rasimu hii akaniuliza, "Haya yote yatuhusu nini? Isitoshe, wewe ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Taifa linahitaji lugha moja ya kuliunganisha. Pengine Waturuki walikuwa sawa." Nilimheshimu kwa swali hilo, kwani ndilo swali lenyewe.

Jibu langu ni hili. Katika shule ya msingi niliyosomea kulikuwa na diski, kile kibao chenye kamba. Aliyenaswa akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, akatembea nacho hadi amsikie mwingine akikosea, amkabidhi. Jioni aliyekutwa nacho alichapwa. Niliwahi kukivaa siku mbili mfululizo. Kosa langu lilikuwa kumwita dada yangu mdogo kwa Kitaita alipokuwa akikimbilia barabarani, gari likija. Sikuwa na nafasi ya kutafsiri. Tangu hapo nikaacha. Leo Babu hunisemesha kwa Kitaita, nami humjibu kwa Kiswahili, naye hunisamehe kila siku bila kusema. Swali lake kuhusu Wakurdi aliniuliza kwa Kitaita. Nilikuwa nimeelewa maneno yote isipokuwa mawili, nikaona haya kuyauliza.

Sisemi hali yetu ni sawa na ya Wakurdi. Hakuna aliyenikatalia jina langu wala kuninyang'anya uraia, na Halabja si kitu cha kulinganishwa na kiboko cha mwalimu. Ila nasema hivi: mambo yale makubwa hayakuanzia kwenye ndege za vita. Yalianzia kwa mtu aliyeamini kwamba lugha ya mama wa mwenzake ni uchafu wa kupanguswa. Kiswahili ninakipenda, na ndicho kilichonikutanisha na nyote mnaonisoma. Lakini Kiswahili kilitufikia sokoni, bandarini na ngomani, hakikuhitaji kibao shingoni mwa mtu. Kikianza kukihitaji hicho kibao, basi mimi nitakuwa wa kwanza kujiuzulu chamani.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, tunapoletewa habari za taifa lolote, tuulize swali la Babu kabla ya kuuliza nani anampiga nani. Pili, mwaka ujao jarida letu litenge kurasa chache ambapo kila mwanachama atamhoji mzee mmoja wa kwao kwa lugha ya kwao, kisha aandike hadithi hiyo kwa Kiswahili. Atakayeshindwa kuelewa maneno mawili asione haya. Aulize.

Mimi nimeshaanza. Likizo ya Aprili nilimrudia Babu nikamweleza habari za tanuri, za chai na sukari mdomoni, za wabebaji wa milimani na za Jina aliyekuwa na majina mawili. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Kumbe ni watu." Nikamwomba anifafanulie yale maneno mawili ya Desemba. Akanitazama kwa muda, akaniambia maana yake, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayempa mtoto mkate moto.

Wino umeniishia, wasomaji wapendwa. Tukijaliwa tukutane mwaka ujao.